Tarikhi ya Sakafu ya Chooni

Waandishi wa tarikhi ya pwani yetu wamezoea kuingia katika nyumba za mawe kwa mlango wa mbele: wakausifu mlango wenyewe na nakshi zake, wakapita dakani, wakafika ndani wakavitazama vidaka vya ukutani na vyombo vya Kichina vilivyopangwa humo, kisha wakaaga na kutoka. Chooni, ambako mwenye nyumba aliingia mara nyingi kuliko alivyoketi barazani, na ambako maji yalimwagwa tangu adhana ya alfajiri hata baada ya isha, wamekanyaga wachache. Nami nathubutu kusema kuwa ustadi wa mwashi hupimwa huko kuliko pahala pengine popote katika nyumba, kwa sababu ukuta wa sebule waweza kuficha aibu zake kwa rangi na pazia, lakini sakafu inayomwagiwa maji kutwa mara kadha wa kadha haina la kuficha. Na katika sakafu hiyo, palipo wazi katikati hapamtoi fundi jasho hata kidogo, jasho humtoka pale sakafu inapokutana na kitu kilichosimama juu yake, kiwe birika, kiti cha kunawia, tundu la choo, bomba, au katika zama zetu hizi bakuli la kauri. Makala hii ni tarikhi ya makutano hayo.

Ibn Battuta, yule msafiri wa Tangier, alipofika Mombasa mwaka 1331 akiwa njiani kwenda Kilwa, aliandika mambo machache sana juu ya kisiwa hicho, na katika machache hayo hakuacha kusimulia habari ya miguu na maji. Anaeleza kuwa watu wa Mombasa walikwenda miguu mitupu. Kuwa misikiti yao ilikuwa ya mbao, iliyojengwa kwa ustadi. Kuwa penye mlango wa msikiti palikuwa na kisima kimoja au viwili vya kina cha dhiraa moja au mbili, na maji yakitekwa kwa chombo cha mti kilichotiwa mpini mwembamba. Kuwa ardhi ya kandokando ya kisima na msikiti ilikuwa imesawazishwa. Na kuwa mtu aliyetaka kuingia aliosha miguu kwanza, kisha akaikausha kwa jamvi nene lililowekwa mlangoni. Chombo hicho cha mpini ndicho kata yetu, na mpango huo wa kisima, kata, mahali palipotengenezwa pa kumwagia maji, na jamvi, mtu angeweza kuukuta karne sita baadaye katika miji mingi ya pwani bila ya kubadilika isipokuwa kwa kuwa palipokuwa na udongo uliosawazishwa pamekuwa na chokaa au saruji.

Jambo la kuzingatia katika habari hiyo ni kuwa maji hayakukaa ndani ya chombo yakamngoja mtu aingie humo, kama ilivyo ada ya hodhi la kuogea la Kizungu. Yaliteremshwa kwa kata juu ya kiungo, yakapita, yakaanguka chini, yakaenda zake, maana katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu walio wengi wa pwani, maji machache yaliyokwisha kutumika kwa tohara hayafai kutawadhia tena. Mzungu alipooga, maji yalikuwa ndani ya chombo na sakafu ikatakiwa ibaki kavu. Mswahili alipooga, kutawadha au kustanji, sakafu yenyewe ndiyo iliyokuwa chombo, nayo ilipasa iwe na kingo, iwe na mteremko, iwe na pa kutolea maji, na isinywe hata tone. Hitilafu hii ndogo ya desturi ndiyo iliyotawala mambo yote yaliyofuata, na hata leo mwenye nyumba anayelalamika kuwa choo chake kipya kizuri kinatuamisha maji, aghalabu amejengewa sakafu ya Mzungu huku yeye akioga kwa desturi ya wazee wake.

Nyumba za mawe za kale zimetuachia ushahidi wa kutosha. Magofu ya Gedi, yaliyomo msituni karibu na Watamu, yalianza kufukuliwa na James Kirkman mwaka 1948, na katika nyumba zake, nyingi zikiwa za karne ya 15 na zilizofuatia, choo kimo ndani ya nyumba, nyuma kabisa ya vyumba vya faragha, hakikutupwa uani: kuna tundu la kuchuchumalia juu ya shimo refu, na karibu yake kiti kifupi cha mawe kilichopakwa lipu, ambacho juu yake yaliwekwa mabakuli ya maji. Huko Kilwa, miaka mia kabla ya hapo, Sultani al-Hasan bin Sulaiman alikwisha kujenga juu ya genge la bahari jumba la Husuni Kubwa lenye hodhi la pembe nane, ambalo hata likiwa gofu bado humfanya mtazamaji ajiulize maji yote hayo yalipandishwa na mikono mingapi. Lakini kiti kile kifupi cha Gedi kinanivutia mimi kuliko hodhi la Sultani, kwa kuwa kinaonyesha jambo ambalo wasanifu wetu wa leo wamelisahau: kiti, tundu, ukingo na sakafu vyote vilikuwa vya kitu kimoja. Vilijengwa kwa jiwe moja, vikapakwa chokaa moja, kwa mkono mmoja, aghalabu katika siku hizo hizo, na maji yaliyotafuta mshono ili yapenye kati ya kifaa na sakafu hayakuuona, kwa maana haukuwako.

Chokaa hiyo haikupatikana kwa urahisi. Matumbawe yalikuwa ya namna mbili: yale ya nchi kavu, magumu, yenye ncha, yaliyochimbwa ardhini kwa ajili ya kuta, na yale ya baharini, mepesi, yaliyokatwa yangali laini kwa maji na kutiwa nakshi kabla hayajakauka. Mawe ya kuchomwa yalirundikwa juu ya magogo yaliyopangwa kwa duara, tabaka juu ya tabaka, katikati pakiachwa njia ya moto; tanuri hilo likawashwa likawaka kwa muda mrefu, hata mawe yakawa meupe na mepesi; kisha yakamwagiwa maji yakachemka na kupasuka yenyewe mpaka yakawa unga, na unga huo ukaachwa ulale, wengine wakiuacha miezi mingi, maana chokaa changa ina uchungu na haishiki vizuri. Hapo ndipo ilipochanganywa na mchanga, na mahali pengine na udongo mwekundu, ikawa tayari kwa mwashi. Tofauti na saruji, ambayo huwa jiwe kwa kushirikiana na maji, chokaa huwa jiwe kwa kuvuta hewa, polepole mno, na kwa upole huo huvumilia nyumba inapojinyoosha na kujikunja kwa joto na unyevu, na ufa mdogo ukitokea mapema hujifunga wenyewe kwa kadiri fulani.

Sakafu za orofa zililazwa juu ya boriti za mikandaa, na kwa kuwa boriti haina nguvu ya kuvuka mbali, chumba cha Kiswahili kilikuwa chembamba, upana wake hauzidi sana mita 3, hata kama urefu wake ni wa kutosha kulaza arusi nzima. Juu ya boriti yalipangwa mabamba ya matumbawe, na juu ya mabamba ikamwagwa kokoto pamoja na chokaa, ikapigwa. Kupigwa huko ndiko kulikokuwa kazi: watu walisimama kwa safu na vipande vya mti, wakapiga kwa mwendo mmoja wakiimba, siku baada ya siku, mpaka zege la chokaa likashuka, likatoa maji yake, likawa kitu kimoja kisicho na uwazi ndani yake. Waliopiga hawakuwa wenye nyumba. Katika karne ya 18 na 19 wengi walikuwa watumwa, na msomaji anayezistaajabia sakafu za Lamu na Unguja ni haki akumbuke ni mikono ya nani iliyozishindilia.

Chooni kazi ilizidi. Chokaa haina pembe wala kipimo chake yenyewe, hufuata mkono, na kwa hiyo mwashi aliweza kuipa sakafu mteremko autakao kuelekea kwenye tundu, akaipandisha ukutani kwa mviringo bila ya kona, akaizungusha shina la birika, akairejesha. Mkono wa mwisho ulikuwa wa chokaa laini iliyosuguliwa kwa jiwe mpaka ikang'aa, na sakafu ya namna hiyo, ikitunzwa, haitelezi upesi wala hainywi maji upesi.

Ama birika lenyewe, lile la nyumba za Lamu, ni kifaa kinachostahili kusimuliwa peke yake. Ni hodhi dogo la mawe lililojengwa katika pembe ya choo, likajazwa maji ya kisima, na mtu akateka humo kwa kata bila ya kutia mkono wake. Wenyeji walifuga humo samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu, hila ambayo maafisa wa afya wa serikali za baadaye waliisifu kana kwamba wao ndio walioigundua. Chini kabisa ya birika, katikati, palizamishwa bakuli la kauri, mara nyingi la Kichina, uso wake ukiwa sawasawa na chokaa inayolizunguka, ili maji ya mwisho yakusanyike humo yatekeke yote, na kata isipige chokaa kila siku ikaitoboa.

Hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, kwa maana bakuli hilo katika chokaa ndilo kigae cha kwanza cha chooni pwani, na aliyelizamisha ndiye babu wa mafundi vigae wote wa Kariakoo na Kongowea. Kazi ni ile ile: kitu kigumu chenye gileizi, kisichonywa maji, kinalazwa ndani ya kitu laini kinachokuwa kigumu baadaye, na mshono kati ya viwili hivyo unatakiwa usipitishe maji wala usionekane. Wazee wetu waliifanya kazi hiyo kwa fahari mahali pengi. Pale Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, na Kaole, karibu na Bagamoyo, na Mambrui, kaskazini ya Malindi, makaburi ya nguzo yalipambwa kwa mabakuli na sahani za Kichina zilizozamishwa katika lipu, na ijapokuwa vyombo vingi vimeng'olewa na wezi au kuvunjwa, pengine mashimo yake bado yapo, mviringo safi, na mtu akitia kidole humo atauona ukingo wa chokaa ulivyoshika. Waliong'oa walilazimika kuvunja ama lipu ama chombo. Havikuachana kwa hiari.

Kuna jambo jingine lililomwongoza mwashi, nalo halikuwa la chokaa. Sharia inamkataza mtu aliye katika haja kubwa au ndogo kuelekea Kibla au kukipa mgongo, na kwa kuwa Makka kwetu iko upande wa kaskazini, tundu la choo lilipasa lilazwe mashariki kwa magharibi. Nyumba ya kale ilipangwa ikilijua hilo tangu msingi. Nyumba ya leo hupangwa na bomba la taka, na fundi anayejengea watu wacha Mungu huletewa ramani iliyokwisha kuchorwa, akakikuta choo kinamtazamisha mtu kaskazini barabara, akalazimika kuligeuza bakuli robo duara na kuukata upya kila mstari wa vigae aliokwisha kuupanga.

Mambo yaligeuka Unguja, katika enzi ya Mabusaidi. Seyyid Said bin Sultan alijenga hamamu la Kidichi karibu mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe aliyekuwa na nasaba ya Mashah wa Uajemi, likapambwa kwa lipu ya nakshi za Kiajemi ambazo unyevu wa mashamba ya karafuu umekuwa ukizila tangu siku hiyo. Mwanawe Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hata 1888, alikuwa amewahi kuhamishiwa Bombay baada ya kushindwa uasi wake wa mwaka 1859 dhidi ya nduguye Majid, na inaonekana alichokiona katika mji ule wa Waingereza kilimwingia moyoni, kwani alipopata enzi alileta mjini maji ya Chemchem kwa mabomba, akajenga hamamu la watu wote, lile lililoupa mtaa wa Hamamni jina lake, kwa mkono wa Haji Gulamhussein, likiwa na vyumba vya maji ya moto na ya baridi, vyoo, na mahali pa kunyolea. Hamamu hilo lilifungwa mwaka 1920. Katika jumba lake la Beit al-Ajaib, lililokamilika mwaka 1883, sakafu zilikuwa za marumaru.

Marumaru na bomba viliingia mjini pamoja, na kila kimoja kiliuvunja umoja wa sakafu ya kale kwa namna yake. Marumaru huja vipande vipande, na kila kipande kina kingo nne, na kila ukingo ni mshono. Bomba hutoboa. Sakafu ya chokaa ilikuwa ikibeba vifaa vyake juu ya mgongo wake; sasa kilitokea kifaa kinachopita ndani ya sakafu, kikatokeza upande wa pili, kikitikisika kila maji yanapofunguliwa na kufungwa, na kikitanuka na kunywea kwa kadiri isiyolingana na jiwe lililokizunguka. Tangu hapo mwashi wa chooni alikuwa na kazi mbili: kulaza na kuzungusha.

Huku kwetu mambo yakiwa hivyo, vitu vilivyokuja kuijaza sakafu yetu vilikuwa vikizaliwa mbali. Mwaka 1840 Mwingereza Richard Prosser alipata hati ya uvumbuzi wa kushindilia unga mkavu wa udongo ndani ya kalibu, azma yake ikiwa ni kutengeneza vifungo vya nguo, na Herbert Minton, mfinyanzi mkubwa wa Stoke-on-Trent, akaitwaa hila hiyo kwa vigae. Faida yake ilikuwa kubwa kuliko ilivyoonekana: udongo wa maji hunywea na kupindika unapokauka, na vigae vyake havilingani, ila udongo mkavu ulioshindiliwa hutoka tanurini ukiwa na kipimo kilicho karibu sawa kila mara, na vigae vinavyolingana ndivyo vinavyowezesha mshono mwembamba. Katika wilaya ile ile ya wafinyanzi, Thomas Twyford alitoa mwaka 1883 choo cha kukalia cha kauri tupu, kipande kimoja kinachosimama chenyewe, pasipo sanduku la mbao lililokuwa likivificha vyoo vya kabla yake. Sanduku lilipoondoka, sakafu iliyokuwa gizani ilikaa peupe. Watu waliona shina la choo na uchafu ulioligandama, wakataka kitu kinachosafishika mpaka shinani. Ndivyo kigae na bakuli la choo, watoto wa mtaa mmoja, vilivyooana.

Saruji ya Portland, ambayo Joseph Aspdin aliipatia hati mwaka 1824, ilileta kwa upande wake kigae cha namna nyingine, kisichochomwa, kinachobanwa kwa shinikizo la maji katika tabaka za saruji yenye rangi. Ufundi huo ulienea kutoka Ufaransa na Hispania hadi Bahari ya Hindi. Bombay ilianzishwa mwaka 1922 kampuni ya Bharat, kwa niya ya wazi ya kuvishinda vigae vya Waingereza katika harakati za Swadeshi. Vigae vya maua vya namna hiyo vingali katika nyumba kadha za wafanyabiashara wa Mombasa na Unguja, aghalabu sebuleni na barazani kuliko chooni, kwa kuwa vinakunywa maji na sabuni huvifubaza.

Watu wa kawaida hawakuvigusa. Kwao mabadiliko yalikuja kwa mfuko wa saruji, hasa baada ya kiwanda cha Bamburi kuanza kutoa saruji mwaka 1954 na cha Wazo Hill mwaka 1966. Choo cha uani, kilichokuwa na ukuta wa makuti na mawe mawili ya kukanyagia, kikapata sakafu ya zege iliyopigwa niru, mara nyingine ikatiwa rangi nyekundu. Na kwa kitambo kirefu sakafu hiyo ya niru ilitosha, kwa maana ilikuwa mrithi halali wa chokaa, kipande kimoja kinachofuata mkono wa mwashi. Mahospitali na mashule yalipewa terazo, nayo mimi naiona kuwa sakafu bora kuliko zote zilizopata kumiminwa nchini kwa vyoo vya umma, na sijui ni kwa sababu gani ya maana imeachwa.

Vigae vya kauri vilikuja kuwafikia watu wengi kwanza kutoka Hispania, Italia, Bara Hindi na Uchina, kisha, katika muongo wa 2010, kutoka Kajiado, Chalinze na Mkuranga, ambako wawekezaji wa Kichina walijenga viwanda vikubwa. Vya Kajiado na Chalinze huuzwa kwa jina la Twyford, lile lile la mfinyanzi wa mwaka 1883. Leo hata chumba cha kupanga cha mtaa wa mabati kina choo cha vigae. Ni neema, lakini ni neema iliyokuja na upofu wake: mwenye nyumba huchagua kigae kwa mng'ao, akakilaza sakafuni kigae laini kilichotengenezwa kwa ukuta, ambacho hunywa maji zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake ilhali kigae kigumu cha sakafuni hakizidi nusu ya asilimia, kisha mama mzee wa nyumba akateleza akavunjika nyonga, na hapana anayemlaumu aliyechagua.

Na hapa tumefika katika kazi yenyewe. Fundi anayeijua huanza na mteremko, wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, anaoupa zege kabla ya kigae cha kwanza, kwa sababu kigae hakirekebishi kosa la zege. Hapo ndipo anapokutana na tatizo ambalo chokaa haikulijua: kigae ni bapa na hakipindiki, na sakafu inayoteremkia tundu moja kutoka pande nne ni nyuso nne zinazokutana. Kigae kidogo hulifuata umbo hilo. Kile kikubwa cha sentimita 60, kipendwacho siku hizi, ni lazima kikatwe mshazari kutoka kila pembe hata kwenye tundu, au kiwekwe kibapa na maji yakae. Kisha hupanga vigae vikavu, bila ya saruji, kwa kufuata kamba iliyopita katikati ya chumba, ili vipande vilivyokatwa viangukie kutani kwa ulinganifu na kigae kizima kiwe mlangoni, ambako jicho huingilia.

Halafu hulijia bakuli. Mafundi wa zamani wengi walilisimamisha kwanza, wakalizika shina lake katika saruji, kisha wakalizungushia vigae. Na bado wako wanaofanya hivyo, kwa kuwa ni wepesi. Ubaya wake huonekana siku bakuli linapopasuka au bomba linapoziba: halitoki mpaka vigae vivunjwe, na saruji iliyolibana ndiyo mara nyingi iliyolipasua. Njia iliyo bora ni kulaza vigae vyote kwanza, vikapita chini ya mahali pa bakuli, ukaachwa mviringo wa tundu tu, na mdomo wa bomba la taka ukawa sawa na uso wa kigae. Ndipo bakuli likaketishwa juu. Lakini sakafu yetu ina mteremko na bakuli linataka kusimama wima, kwa hiyo fundi huacha chini yake eneo dogo lililo sawa kwa pimamaji, au hulitegemeza kwa kabari na kuzijaza nafasi kwa saruji nyeupe, kazi ya nusu saa inayotofautisha choo kinachotikisika na kisichotikisika.

Pale ambapo kukata hakuepukiki, kama kuzunguka nguzo ya beseni au choo cha zamani kisichong'olewa, hutumia karatasi ngumu: huikata kwa kujaribujaribu mpaka ikumbatie shina, kisha huhamisha umbo lake juu ya kigae kwa penseli. Zamani alimega kwa tindo na koleo, kipande kwa kipande kidogo, akianzia mbali na mstari; leo hushika grinda, akapiga mikato mingi ya sambamba kama meno ya kitana hadi kwenye mstari, akayavunja meno, akasugua ukingo. Pembe ya ndani haiachi kali, hutoboa kitundu pale pale, kwa maana ufa huanzia katika pembe kali. Bomba likiangukia katikati ya kigae, hukipasua kigae kupitia kitovu cha tundu, kila nusu ikachukua nusu duara. Kandokando ya bomba huacha uwazi wa milimita 3 hivi, asiujaze kwa saruji. Huujaza kwa silikoni, ambayo hukubali bomba litikisike. Mwisho hugonga kila kigae kwa mpini wa mwiko, akasikiliza: kinacholia utupu hukitoa, hata kama mwenye nyumba amesimama mlangoni akihimiza.

Gundi ya vigae imemsaidia. Mmarekani Henry Rothberg alianza kuiuza katika miaka ya 1950 saruji iliyotiwa utomvu wa mpira, inayoshika kwa tabaka nyembamba, na leo gundi za namna hiyo ziko katika kila duka la vifaa vya ujenzi.

Mahali pa hatari kubwa kwa kazi hii siku hizi ni Mji Mkongwe wa Unguja, uliotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Nyumba zake nyingi zimegeuzwa kuwa hoteli, na kila chumba cha mgeni, hata cha orofa ya tatu, kimetaka choo na bafu lake, juu ya boriti zile zile ambazo wajenzi wake walizikusudia kubeba vitanda na majamvi. Kuta za matumbawe na chokaa hupumua unyevu. Saruji na vigae havipumui. Na maji yanayopenya kwenye shina la bakuli hukaa chini ya vigae asipoyaona mtu, yakaila boriti miaka mitano au kumi, mpaka siku sakafu inapolegea. Wanaolijua jambo hili huondoa boriti za chooni wakatia zege la chuma, au huweka ngozi ya kuzuia maji chini ya vigae na kuipandisha ukutani, jinsi chokaa ilivyokuwa ikipandishwa. Kisha, kabla ya kulaza hata kigae kimoja, huziba tundu, hujaza maji sakafuni, huyaacha usiku na mchana mzima, na hushuka chini kuitazama dari. Wenye hoteli wengi huiona siku hiyo kuwa imepotea bure, wakamwajiri anayeiruka. Boriti ya mkandaa iliyo nene haiji tena kwa wingi. Kenya ilipiga marufuku mwaka 1982 kuisafirisha nje ya nchi, na anayetaka kuitia mpya mahali pa iliyooza hupaswa kwanza kuving'oa vigae vyote vilivyo juu yake.